Ukinunua Gemu, Zima Wi-Fi Kwanza

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya shida karibu nchi nzima. Mimi nilikuwa nyumbani Dar. Umeme upo, laptop imejaa chaji, sina pa kwenda. Nikasema leo namaliza lile gemu langu.

Ni gemu la kucheza peke yako, wewe na hadithi yako tu. Nililinunua kwa hela yangu, nikalipakua usiku tatu mfululizo kwa bando la usiku, zaidi ya gigabaiti 60. Nikalifungua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maandishi meupe: imeshindikana kuunganishwa na seva. Chini yake kitufe kimoja, cha kujaribu tena. Nilikibonyeza mpaka saa nane mchana.

Jioni jirani yangu akanionyesha gemu hilohilo kwenye kompyuta yake, nakala ya kuchakachua, linakwenda bila tatizo. Hapo ndipo niliumia kweli. Sharti la gemu kuwasiliana na seva, yaani kompyuta za kampuni, ni kufuli lililowekwa kwa ajili ya mwizi; mwizi yuko ndani anacheza, na mimi mwenye risiti niko nje.

Watengenezaji wanaibiwa, hilo silipingi, na ni jasho la watu. Ila kufuli la namna hii limewaumiza wanunuzi tangu zamani. Machi 2010 kampuni ya Ubisoft walileta Assassin's Creed II kwenye kompyuta kwa sharti la kuwa mtandaoni muda wote. Mwezi huohuo seva zao zikashambuliwa, waliolipa wakashindwa kucheza. SimCity ya 2013 ilitolewa kwa sharti hilo pia, hata kwa mtu anayejenga mji wake peke yake. Mwaka uliofuata EA, kampuni yenye gemu hilo, wakaruhusu ichezwe bila intaneti. Kumbe iliwezekana! Na The Crew, gemu la magari la 2014, lilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024. Hata aliyetaka kuendesha gari peke yake barabarani akakosa pa kuingilia.

Kwa hiyo siku hizi nikinunua gemu Steam, duka la gemu la mtandaoni, jambo la kwanza ni kulijaribu bila mtandao. Wanakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya saa 2, kwa hiyo usisubiri wikiendi. Lifungue mara moja ukiwa na intaneti, maana mengi yanataka kuthibitishwa mwanzoni, na hilo mimi naliona sawa. Kisha weka Steam katika hali ya nje ya mtandao, zima Wi-Fi, washa upya kompyuta. Cheza dakika kumi, hifadhi, toka kabisa, rudi tena. Usiruke hatua ya kutoka na kurudi: kuna gemu liliniruhusu kuingia vizuri, niliporudi sikukuta hata hatua moja niliyopiga. Likigoma, omba hela yako siku hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, soma pia upande wa kulia wa ukurasa wa gemu, pale wanapoandika kama linahitaji akaunti ya kampuni nyingine. Maandishi ni madogo na ni rahisi kuyapita.

Gemu likipatikana GOG, duka jingine la mtandaoni linalouza gemu bila kufuli hilo, mimi nanunua huko hata likizidi bei kidogo. Unapakua faili la kusakinishia, unalihifadhi, ni lako. Yangu yapo kwenye diski ya nje ya terabaiti 1, nimeifunga kwenye soksi isigongwe safarini.

Desemba nilikwenda nayo kijijini kwetu, ambako simu inashika mtandao mpaka upande kilimani. Nikasakinisha gemu sebuleni, mdogo wangu amekaa pembeni anauliza kama litakubali. Likafunguka. Tulipokezana mpaka betri ikaisha.