Maswali na majibu: Nyumba ya Hitler mlimani Obersalzberg

Maswali kadhaa yaliyonifikia safari hii yanahusu Berghof, nyumba ya Adolf Hitler katika mlima wa Obersalzberg, juu ya mji wa Berchtesgaden, kusini kabisa mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Austria. Nimeyakusanya pamoja kwa sababu yanategemeana.

Nimeona picha ya nyumba ya mawe iliyojengwa kileleni kabisa, watalii wamekaa nje wanakunywa kahawa. Ndiyo Berghof yenyewe? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Hiyo ni Kehlsteinhaus, iliyojengwa 1937 na 1938 kwa amri ya Martin Bormann, msaidizi wa karibu wa Hitler, na kusanifiwa na msanifu Roderich Fick. Iko mita 1,834 juu ya usawa wa bahari. Mgeni hupita kwenye njia iliyotobolewa ndani ya mwamba, mita 124, kisha hupanda lifti mita nyingine 124. Hitler alifika huko mara chache tu. Jengo lilinusurika vita na leo ni mgahawa. Berghof, alikoishi na kutawala, ilikuwa chini zaidi kwenye mteremko, na haipo tena. Kuzichanganya nyumba hizi mbili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi, kwa hiyo kabla hujaandika chochote hakikisha picha uliyonayo ni ya jengo lipi.

Nasomea usanifu majengo. Je, ni kweli Hitler aliichora Berghof mwenyewe? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Kwa kiasi, ndiyo. Lakini anza na nyumba iliyotangulia. Mwaka 1916 mfanyabiashara mmoja kutoka kaskazini mwa Ujerumani alijenga hapo nyumba ndogo ya mapumziko, Haus Wachenfeld. Hitler aliikodi 1928, akainunua 1933. Mwaka 1935 na 1936 ikapanuliwa. Michoro ya mwanzo aliichora Hitler, na msanifu Alois Degano akaifanya ramani zinazojengeka. Nyumba ya zamani haikubomolewa yote. Ilimezwa ndani ya ile mpya. Ukiweka picha za 1934 kando ya zile za 1937 utaona jinsi sehemu ya zamani ilivyobaki upande mmoja, na jengo kubwa likajitokeza pembeni yake.

Kitovu cha jengo jipya ni dirisha la ukumbi mkubwa. Lilitazama mlima Untersberg, na kioo chake kiliweza kuteremshwa kwa mtambo hadi kikazama chini, ukumbi ukabaki wazi kwa upepo na mandhari. Sasa tazama kilichowekwa chini ya dirisha hilo: gereji. Albert Speer, msanifu aliyekuja kuwa waziri wa silaha, aliandika baada ya vita kwamba upepo ukivuma vibaya harufu ya petroli ilijaa ukumbini. Aliongeza kuwa profesa yeyote angeipa ramani hiyo alama mbovu. Speer alikuwa na sababu zake za kujitenga na bwana wake wa zamani, basi usimeze kila neno lake. Ila mahali gereji ilipokaa panaonekana wazi kwenye picha.

Mapambo ya ndani yalisimamiwa na mbunifu Gerdy Troost: samani kubwa kupita kimo cha binadamu, tanuri la moto, na mazulia ya ukutani yaliyoficha vifaa vya kuonyeshea sinema. Kwangu mimi hapo ndipo penye funzo kwa mwanafunzi wa usanifu. Kila kitu kilipangwa ili anayeingia ajione mdogo, kisha atazame nje na kudhani kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye mlima.

Waliokuwa wakiishi hapo kabla yake walilipwa fidia? (Msomaji, Nakuru)

Ahsante kwa swali hili, maana vitabu vya picha hulipita. Obersalzberg palikuwa na mashamba, nyumba za wageni na familia zilizoishi hapo kwa vizazi. Bormann alilichukua eneo lote kipande kwa kipande. Wapo waliolipwa na wapo waliouza kwa shinikizo, lakini waliokataa walitishwa. Mpiga picha mmoja wa hapo, aliyethubutu kumfikishia Hitler malalamiko yake, alipelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Watu wapatao 400 walipoteza makazi, na nyumba zaidi ya 50 zilivunjwa. Mahali pake pakajengwa kambi ya askari wa SS, kikosi cha chama cha Nazi kilichomlinda Hitler, nyumba za Bormann na Göring, mkuu wa jeshi la anga, nyumba ya kuoteshea mboga na uzio wa kuzuia watu.

Kwa hiyo ukichora ramani ya eneo, chora mbili: ya kabla ya 1933 na ya 1940. Ramani ya pili peke yake itakufanya uamini kwamba mlima ulikuwa mtupu.

Nini kimebaki leo? (Msomaji, Lubumbashi)

Kidogo sana. Tarehe 25 Aprili 1945 ndege za Uingereza, Lancaster 359 pamoja na Mosquito 16, ziliushambulia mlima. Berghof ikaharibiwa vibaya. Siku chache baadaye, Wamarekani na Wafaransa wakiwa wanakaribia, askari wa SS waliokuwa wakiondoka wakaichoma moto. Kuta zilizoungua zilisimama miaka saba, zikijazwa maandishi ya wapita njia, mpaka serikali ya jimbo la Bavaria ilipozilipua tarehe 30 Aprili 1952, siku aliyojiua Hitler miaka saba nyuma. Kisha ikapandwa miti.

Kilichopo sasa ni ukuta wa nyuma uliozuia udongo wa mteremko usiporomoke, vipande vya zege, na kibao cha maelezo. Simama hapo na utaelewa jambo moja ambalo picha hazionyeshi vizuri: mteremko ulichimbwa sana ili nyumba ipate mahali pa kukaa.

Chini ya ardhi hali ni tofauti. Kuanzia 1943 yalichimbwa mahandaki yenye urefu wa kilomita kadhaa, vibarua wa kigeni wakiwa miongoni mwa wafanyakazi, na sehemu ya mahandaki hayo hutembelewa kupitia kituo cha Dokumentation Obersalzberg, kilichofunguliwa 1999 chini ya wanahistoria wa Institut für Zeitgeschichte, taasisi ya utafiti wa historia ya kisasa. Jengo lake jipya lilifunguliwa 2023.

Kuivunja nyumba si kuficha ushahidi? (Msomaji, Mombasa)

Mimi nasema kuivunja kulikuwa sawa. Kilichokosewa ni kimya kilichofuata. Kuta zile zilikuwa zimeanza kuwavuta watu waliokuja kumwenzi Hitler, na dola lina haki ya kuwanyima mahali pa kuhiji. Lakini kwa miongo mingi baadaye, waliosimulia habari za mlima huo walikuwa zaidi wauza kadi za posta na vijitabu vya watalii. Ushahidi wa uovu wa nyumba hii haukuwa kwenye matofali. Umo katika nyaraka: tarehe 22 Agosti 1939 aliwakusanya majenerali wake hapo kuwaandaa kwa vita dhidi ya Poland, na tarehe 31 Julai 1940, hapohapo, akawaeleza nia yake ya kuivunja Urusi.

Kuna uhusiano wowote na kwetu Afrika Mashariki? (Msomaji, Tanga)

Upo. Tarehe 19 Novemba 1937 Lord Halifax, waziri wa serikali ya Uingereza, alifika Berghof kuzungumza na Hitler, na suala la makoloni ambayo Ujerumani ilinyang'anywa baada ya vita ya kwanza lilikuwa mezani. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Hakuna Mtanganyika aliyeulizwa. Mwezi mmoja kabla yake alikuwa amepokelewa mlimani huko Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ambao jumuiya zao zilikuwa Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi.

Siwezi kusafiri. Nitaichunguzaje nikiwa nyumbani? (Mwanafunzi mwingine, Kampala)

Picha ni nyingi, na hapo ndipo penye mtego. Nyingi zilipigwa na Heinrich Hoffmann, mpiga picha wa Hitler, kwa kazi ya kumpamba: mwenye nyumba na mbwa, na watoto, barazani kwenye jua. Hata jarida la Uingereza la Homes & Gardens lilichapisha makala ya kuisifu nyumba hiyo Novemba 1938. Filamu za rangi alizopiga Eva Braun, mpenzi wa Hitler, zinafaa zaidi kwa vipimo vya baraza, maana kamera inatembea na watu wanapita karibu na kuta, ila nazo zinaonyesha starehe tu. Zilinganishe na picha za angani za wakati wa vita, ambazo hazikupigwa kumpendeza mtu.

Fanya hivi: chagua sehemu moja, tuseme ngazi za kuingilia, itafute katika kila picha, andika mwaka wa kila moja na aliyeipiga, ndipo uchore. Jengo lilibadilika mara kadhaa, na mchoro usio na mwaka hautakusaidia.

Nimeona mtandaoni wanauza vipande vya marumaru vya Berghof. Ninunue? (Msomaji, Muscat)

Usinunue. Ni kweli askari walibeba vitu vingi 1945. Tufe la dunia lililochukuliwa hapo liliuzwa dola 100,000 mwaka 2007. Lakini kipande cha jiwe kisicho na maandishi ya kilikotoka hakithibitishi chochote, na bei nzuri huwavuta waghushi. Fedha hiyo nunulia kamusi nzuri ya Kijerumani. Nyaraka muhimu za mlima huu ziko katika lugha hiyo, na bado hazijasomwa vya kutosha na watu wa upande wetu.