Shiriki, shirikisha au bandika?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika skripti ndogo, yaani programu fupi, ya kutumia kwenye teminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri. Unaipa maandishi, labda ujumbe wa kosa au mistari kumi ya msimbo, yenyewe inayapeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, na kukurudishia kiungo ambacho utamtumia mwenzako ayasome. Nataka maelezo yake yote yawe ya Kiswahili. Nimeandika "Shiriki maandishi yako". Rafiki yangu anasema sahihi ni "Shirikisha", mwingine anataka "Gawana". Na vile vipande vya maandishi vyenyewe niviiteje? Msomaji wako, mwanafunzi wa kompyuta, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako wa kwanza amekaribia mlango, ila hajaingia.

Kushiriki ni kuwa mmoja wa waliomo. Tunashiriki mazishi, tunashiriki uchaguzi, tunashiriki mashindano. Kwa hiyo anayeambiwa "Shiriki maandishi yako", kama hajazoea vitufe vya simu, atauliza: nishiriki vipi maandishi niliyoyaandika mwenyewe? Vitufe ndivyo vilivyotuzoesha. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza share, akaliona shiriki karibu, akalibandika hapo, nasi tukanyamaza.

Shirikisha ina mantiki zaidi, lakini tazama nani anashirikishwa. "Nimemshirikisha mke wangu katika uamuzi huu." Kanisani utasikia, "Ningependa kuwashirikisha neno fupi." Kwenye sentensi zote mbili kuna mtu ndani ya kitenzi: -m- kwenye ya kwanza, -wa- kwenye ya pili. Anayeshirikishwa ni mtu, na jambo linafuata baadaye. Ukiondoa mtu ukasema "Shirikisha maandishi", maandishi ndiyo yanayoalikwa kikaoni. Na skripti yako haina mtu wa kumtaja: haijui kiungo utampa nani, au kama utampa yeyote.

Gawana tuiache haraka. Ukigawana mkate na mwenzako unabaki na nusu. Hapa hupungukiwi hata herufi moja. Sambaza ingefaa, ila ina harufu ya uvumi, na kwa msomaji wa Kenya itamkumbusha kumtumia mtu salio la simu. "Shea" ya mtaani siipigi vita kwenye mazungumzo, lakini naona umekuja kwangu kutafuta kingine.

Ushauri wangu ni kwamba uachane na share kabisa, kwa sababu skripti yako haifanyi hivyo. Inachukua maandishi, inayaweka mahali ambapo mwenye anwani anaweza kuyasoma, basi. Kazi hiyo ina jina la siku nyingi: kubandika. Tunabandika tangazo ukutani, tunabandika stempu kwenye bahasha, na kwenye kompyuta tumekwisha kuzoea kata, nakili, bandika. (Jikoni pia tunabandika sufuria, ila hiyo haitatusumbua hapa.) Hata wanaotumia Kiingereza walifuata njia hiyo hiyo: tovuti ya Pastebin, iliyoanza mwaka 2002, na programu ya pastebinit unayoipata kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, zote zimejengwa juu ya neno la kubandika, paste. Usije tu ukatafsiri na ile sehemu ya pili ya jina, bin. Itakupa "pipa la kubandika", na hakuna anayetaka kazi yake iingie pipani.

Faida ya bandika ni kwamba inakuja na ukoo wake. Kama andika inavyotupa andiko, bandika inatupa bandiko, na neno hilo halijatungwa leo. Watu wanaojadiliana mtandaoni wanasema "bandiko lako nimelisoma" bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukitaka kuondoa ulichobandika, kinyume chake kipo tayari: bandua. Ni kama anika na anua, funika na funua. Kwa hiyo skripti yako inaweza kuwa na amri mbili tu, "bandika" na "bandua", na mtumiaji akazielewa bila mwongozo. Neno "futa" litunze kwa faili lililo kwenye mashine yake mwenyewe, asije akadhani vyote viwili vimekwenda.

Tena bandika inaonya. Mtu akiambiwa anabandika, anapata picha ya ukuta na wapita njia. Huenda akakumbuka kutoa nywila yake kwenye ule ujumbe wa kosa kabla ya kubonyeza. "Shiriki" haimwonyi chochote.

Sasa vile vipande. Kabla havijabandikwa, mimi ningeviita dondoo. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama mtu anavyodondoa mawe kwenye mchele, na ndicho unachofanya unapochagua mistari kumi kati ya elfu mbili. "Kipande" si kosa, ingawa Wakenya wenye umri wangu wanakumbuka kile kipande ambacho mkoloni aliwalazimisha baba zao kukivaa shingoni. "Kijipande" usikiguse; ile -ji- ya katikati ina dharau kidogo. Maandishi yakishakwenda mtandaoni, basi ni bandiko, si dondoo tena.

Hukuuliza, lakini nitalisema kwa kuwa ndipo waandishi wengi wa programu wanapojikwaa. Skripti ikimaliza kazi, iseme: "Bandiko lako lipo hapa", kisha kiungo. Si "liko". Anwani ya mtandaoni ni mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, na mahali pa namna hiyo ni pa -po. Muda wake ukiisha likaondolewa, mtu akifungua kiungo kile kile aambiwe "Bandiko hili halipo." Ukiandika "haliko" utaeleweka, ila msikilizaji mwenye sikio jepesi atahisi unalitafuta huku na huko.

Ile alama ya | inayounganisha amri mbili, ambayo imo tangu 1973 kwenye Unix, mfumo uliotangulia Linux, iite bomba. Maji yanaingia upande huu, yanatokea upande ule, na fundi yeyote wa Morogoro atakuelewa. Na "faili" kwenye ujumbe wa makosa ni li-/ya-: "Faili halikupatikana", "Mafaili hayakupatikana".