Mbwa wa Miguu Mitatu: Majibu ya Barua Zenu

Toleo lililopita tulisema mbwa mkubwa anayechechemea zaidi ya wiki 2 bila kuumia apigwe eksirei, maana huenda ni osteosakoma, saratani ya mifupa inayowaandama zaidi Rottweiler, Great Dane na wenzao wenye maumbo makubwa. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zimetoka kwa watu ambao mbwa wao wamekwisha kukatwa mguu. Hizi hapa sita.

Daktari, Rottweiler wangu wa kilo 40 amekatwa mguu wa mbele siku 5 zilizopita. Mchana ametulia, lakini usiku anapiga ukelele ghafla na kugeukia pale palipokuwa na mguu. Chini ya kidonda pamejaa kitu laini kama puto la maji. Halafu wamemwondolea hadi bamba la bega. Je, nilikosea kukubali?
*Msomaji, Arusha*

Hukukosea. Saratani hii huula mfupa kutoka ndani, na maumivu yake hayashikiki kwa vidonge kwa muda mrefu. Mfupa uliokwisha kuliwa huweza kuvunjika mbwa akiruka tu kutoka kwenye gari. Bamba la bega huondolewa kwa makusudi. Likiachwa, misuli yake husinyaa kwa kukosa kazi, mfupa unatokeza kama ukingo wa beseni, na ngozi iliyo juu yake inachubuka kila anapolala.

Hilo puto ni maji ya kidonda. Mguu ukitoka huacha nafasi wazi chini ya ngozi, maji hujikusanya humo na kuteremka hadi sehemu ya chini kabisa, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza, hasa kwa mbwa asiyetulia. Likiwa laini, halina joto, na mbwa anakula, liache. Mwili utayanyonya wenyewe. Usikubali mtu akuvutie maji hayo kwa sindano hapo nyumbani, kwani huo ndio mlango wa bakteria. Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10, mara 3 kwa siku. Rudi kliniki siku hiyohiyo ukiona pamekuwa pagumu na pa moto, panatoa usaha, fizi zimepauka, au kipimajoto cha njia ya haja kubwa kinasoma zaidi ya 39.5 (mbwa mzima ni 38 hadi 39.2). Weusi wa damu unaoshuka hadi tumboni unatisha macho tu. Nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14, na kola pana ya shingoni, ya kumzuia asilambe kidonda, isivuliwe kabla ya hapo, hata akikutazama kwa huruma.

Ule ukelele ni wa neva zilizokatwa: ubongo bado unapokea habari za mguu usiokuwepo. Dawa yake ni gabapentin, kiasi cha miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8. Kwa mbwa wako ni karibu miligramu 400. Mwambie daktari akuandikie vidonge au kapsuli. Gabapentin ya maji ya binadamu mara nyingine hutiwa sukari ya xylitol, ambayo ni sumu kwa mbwa. Siku za mwanzo atayumba na kulala sana, ni kawaida. Ikifika wakati wa kuacha, punguza polepole kwa wiki moja au mbili. Ukikata ghafla, maumivu hurudi kwa hasira. Pamoja nayo apewe dawa ya kutuliza uvimbe iliyo salama kwa mbwa, kama meloxicam, miligramu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, tena baada ya chakula. Mpime uzito upya kabla ya kukokotoa, kwa sababu ule wa kabla ya upasuaji ulihesabu na mguu.

Na sasa kabati la dawa za nyumbani. Diclofenac na ibuprofen, zile zile zinazouzwa kila duka la mtaani, hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Panadol asipewe bila agizo. Meloxicam isichanganywe kamwe na steroidi kama prednisolone au deksamethasoni. Wapo mbwa wanaochomwa "sindano ya nguvu" yenye dawa hizo mtaani huku wakiendelea na vidonge, na siku ya tatu kinyesi kinakuwa cheusi kama lami. Hiyo ni damu ya tumboni.

Picha ya mapafu ilikuwa safi, na mguu umeshatoka. Kwa nini tena daktari anataka tibakemikali? Mbwa ana kilo 30.
*Msomaji, Nairobi*

Kwa sababu eksirei haioni punje ya saratani iliyo chini ya milimita 5 hivi, na mbwa zaidi ya 9 katika kila 10 huwa na chembe za ugonjwa zilizokwisha kusafiri kabla hata mguu haujaonyesha uvimbe. Mguu ni pale ulipoanzia. Kinachomuua mbwa, mara nyingi, ni mapafu.

Hesabu ni hizi. Kwa upasuaji peke yake, nusu ya mbwa hufariki ndani ya miezi 4 hadi 5. Ukiongeza tibakemikali, nusu hufika miezi 10 hadi 12, na karibu mmoja kati ya watano huvuka miaka 2. Kipimo cha damu cha alkaline phosphatase kikiwa juu tangu kabla ya upasuaji, matarajio hupungua. Tunakueleza haya ili uamue ukijua. Anayechagua kutoendelea, akamtunza mbwa wake vizuri kwa miezi minne isiyo na maumivu, hajamtupa.

Kabla ya yote, hakikisha mfupa uliokatwa ulipelekwa maabara. Kama jibu ni kondrosakoma (saratani ya gegedu) na si osteosakoma, mambo hubadilika: hiyo husambaa polepole, na kukata mguu pekee huenda kukatosha kwa miaka.

Dawa inayotumika zaidi ni carboplatin, ileile ya hospitali za binadamu, kwa hiyo daktari wako anaweza kuiagiza kupitia famasia. Hupimwa kwa eneo la mwili, si kwa kilo: miligramu 300 kwa mita ya mraba. Mbwa wa kilo 30 ana karibu mita 0.97 za mraba, basi ni kama miligramu 290, yaani mililita 29 za dawa yenye miligramu 10 kwa mililita. Huingizwa polepole kwenye mshipa, kila wiki 3, mara 4 hadi 6, kuanzia nyuzi zinapotolewa. Anayekokotoa kwa kilo humpunja mbwa mdogo na kumzidishia mkubwa, kwa hiyo usione haya kuomba kuiona hesabu.

Siku ya 2 hadi ya 5 anaweza kutapika au kukataa chakula. Omba maropitant, dawa ya kuzuia kutapika, mapema, usisubiri. Siku ya kuogopwa ni ile ya 10 hadi 14, chembe nyeupe za damu zinaposhuka chini kabisa. Mbwa anaweza kuonekana mzima asubuhi na kuzimika jioni. Siku hizo pima joto asubuhi na jioni, likivuka 39.5 ni dharura, hata saa 8 usiku. Damu ipimwe kabla ya kila sindano, na neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikiwa chini ya 1,500 kwa mikrolita, ahirisha wiki moja. Manyoya hayamwishi kama nywele za binadamu, ila masharubu huweza kudondoka.

Mkojo, kinyesi na matapishi ya saa 72 za kwanza vishikwe kwa glavu. Mpeleke akojoe mahali pamoja, mbali na watoto wanapochezea, kisha mwaga maji mengi. Mjamzito asiguse kabisa.

Nyumba yangu ina vigae. Amerudi, anateleza kama yuko kwenye sabuni, sasa hataki hata kusimama.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Mbwa huyo ameogopa, na ukisema ni mvivu utamwonea. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake mbele. Akipoteza mguu wa mbele, ule mmoja uliobaki unafanya kazi ya miwili, na kila hatua ni kuruka. Akiteleza mara tatu, anaamua kulala. Huo ndio mwanzo wa kudhoofika.

Tandika njia. Si lazima nyumba nzima. Tandika kutoka anapolala hadi chakula, hadi mlangoni. Zulia la mpira au ile mikeka ya mazoezi hufaa kuliko mkeka wa ukindu, ambao wenyewe unateleza juu ya kigae. Bandika kingo kwa gundi ya utepe. Kisha kamata nyayo zake. Kata kucha, na manyoya yaliyoota katikati ya vidole yapunguze kwa mkasi usio na ncha, kwani humfanya kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Kwa wiki ya kwanza msaidie kwa kanga. Ikunje kwa urefu hadi upana wa kiganja na nusu. Aliyekatwa mguu wa mbele, ipitishe chini ya kifua, nyuma ya mguu uliobaki. Wa nyuma, ipitishe chini ya tumbo karibu na mapaja, na kwa dume angalia isibane uume, la sivyo atajikojolea na kuchubuka. Shika ncha zote mbili juu ya mgongo. Usimnyanyue. Kanga ibaki imelegea kidogo, ikaze pale tu anapoyumba. Ukimbeba kila siku hatajifunza kupanga upya mguu wake chini ya kitovu cha uzito, na hilo ndilo somo analolihitaji.

Bakuli la chakula liinue hadi usawa wa kifua. Akiinama sana, uzito wote unamwangukia mkono mmoja. Godoro la sifongo liwe na unene wa sentimita 10 walau, maana kiwiko kilichobaki huota sugu na kupasuka. Matembezi ya dakika 5, mara 3 kwa siku, ukiongeza dakika 5 kila wiki. Kwa joto la Dar, kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya magharibi, kwa sababu mbwa wa miguu mitatu huchoka na kupata joto haraka. Ngazi na kuruka kwenye gari, hapana kwa wiki 4 za mwanzo.

Uzito ndio adui wa kimya. Pitisha vidole ubavuni: unatakiwa uhisi mbavu kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa mkono wako. Zikijificha, punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, upime tena baada ya wiki 2. Anayekula ugali apewe kidogo, na nyama, mayai au dagaa zaidi. Na ule unga wa "mahindi ya mbwa", yaliyooza au kuota ukungu, achana nao kabisa. Sumukuvu huua ini, nalo ini la mbwa aliye kwenye matibabu lina kazi ya kutosha.

Kuna mguu wa bandia wa mbwa?
*Msomaji, Mombasa*

Upo, lakini huhitaji kigutu cha kushikia. Saratani hii hulazimu kukata juu, begani au nyongani, na hapo hapabaki cha kuvalisha. Weka fedha hiyo kwenye dawa.

Jirani anasema nimpe kitunguu saumu na muarobaini. Na je, watoto wataambukizwa?
*Msomaji, Mwanza*

Saratani haiambukizi; watoto wacheze naye. Kitunguu saumu na kitunguu maji vyote huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, hata vilivyopikwa. Muarobaini hautaondoa punje ya mapafuni. Nyama mbichi nayo isitishwe wakati wa tibakemikali, maana bakteria ambao kwa kawaida hawamdhuru sasa wanaweza kumwangusha.

Miezi 7 imepita na anakimbia. Nitajuaje imerudi, na nitajuaje imetosha?
*Msomaji, Kampala*

Eksirei ya mapafu kila miezi 2 hadi 3, picha 3: ubavu wa kulia, wa kushoto, na ya juu. Ukipiga ubavu mmoja tu, pafu lililolaliwa hujibana na kuficha punje.

Nyumbani hesabu pumzi akiwa amelala fofofo. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika siku mbili mfululizo, nenda. Kikohozi mara nyingi huchelewa kuja kuliko watu wanavyodhani. Kinachotangulia ni kuchoka kabla ya wakati wake. Akianza kuchechemea mguu mwingine, usidhani ni kuutumia sana kabla haujapigwa picha, kwa sababu ugonjwa huweza kuhamia mfupa mwingine. Na miguu yote ikivimba kwa pamoja, migumu na ya moto, chanzo huweza kuwa kifuani.

Kuhusu kutosha: andika sasa, angali mzima, mambo matatu anayoyapenda. Labda ni kukupokea getini, kubwekea boda boda, kulala kibarazani. Kila jioni weka alama kwenye kalenda, siku njema au mbaya. Siku mbaya zikizidi njema ndani ya wiki moja, na mawili kati ya yale matatu yamekoma, mwite daktari kabla mbwa hajafika kwenye kuhema mdomo wazi. Omba aanze na sindano ya usingizi, kisha ile ya mwisho iingie kwa mshipa wakati hana habari. Shimo liwe na kina cha mita moja au zaidi, juu yake mawe. Dawa ya sindano hiyo ya mwisho, pentobarbital, hubaki mwilini, na mbwa wa mtaa au korongo watakaomfukua nao watakufa.