Maswali na Majibu: Barafu Kavu Dhidi ya Kuvu Majumbani

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu njia ya kuondoa kuvu kwenye majengo kwa kuirushia punje za barafu kavu. Maswali yamefupishwa, na majibu yanafuata.

Mkaguzi amekuta madoa meusi kwenye mbao zilizo chini ya paa, huko darini. Mkandarasi anataka kuyaondoa kwa barafu kavu. Ni kitu gani hicho, na kwa nini asitumie maji na sabuni? (Msomaji, Minneapolis, Marekani)

Barafu kavu ni hewa ya ukaa iliyogandishwa ikawa yabisi. Haiyeyuki kuwa maji. Katika kanieneo ya kawaida hugeuka moja kwa moja kuwa gesi kwenye nyuzi -78.5 za Selsiasi. Mashine huzichukua punje zake, ambazo mara nyingi huwa na unene wa takriban milimita 3 au husagwa zaidi ya hapo, na kuzirusha kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Punje inapofika kwenye ubao hugonga, hupoza ghafla tabaka la juu hadi likapoteza mshiko, kisha hufumuka kuwa gesi inayohitaji nafasi kubwa mara mamia, na gesi hiyo huusukuma uchafu utoke.

Darini njia hii ina faida ya kweli. Kenchi zimepishana, pembe ni finyu, na ncha za misumari zimechomoza kila mahali, kwa hiyo fundi mwenye msasa hutumia siku nyingi na bado hafikii kila sehemu. Maji yataulowesha ubao ambao tatizo lake lilikuwa unyevu tangu mwanzo, na anayepuliza mchanga ataacha lundo la mchanga la kubebwa kwa ndoo. Barafu kavu hupotea yenyewe, na kinachobaki sakafuni ni vumbi la kuvu na nyuzi za mbao.

Hata hivyo, usilipe senti moja kabla mkandarasi hajakueleza kuvu hiyo ilitokana na nini. Katika nyumba za maeneo ya baridi, kisa cha kawaida ni hewa ya joto yenye mvuke kupanda darini kupitia nafasi zinazozunguka taa na mabomba, au feni ya bafuni ambayo bomba lake limeishia darini badala ya kutoka nje. Mvuke huo unapokutana na mbao zilizopoa kwa majira ya baridi hugeuka matone, na kuvu hupata kinywaji kila siku. Nafasi hizo zisipozibwa na bomba lisipotolewa nje, utamwita mkandarasi huyo tena baada ya majira machache ya baridi.

Je, baridi kali kiasi hicho inaiua kuvu? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Haiui kwa kiwango cha kutegemewa. Punje hugusana na ubao kwa muda mfupi mno, na spora (chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo) za aina nyingi za kuvu hustahimili kugandishwa. Maabara zenyewe huhifadhi kuvu hai kwa kuigandisha. Tena hilo si jambo la kusikitikia, kwa sababu spora iliyokufa nayo huweza kumsumbua mwenye mzio. Lengo ni kuitoa nyumbani, si kuiua na kuiacha palepale.

Swali zito zaidi ni spora hizo zinakwenda wapi, kwa kuwa hewa inayovuma kwa nguvu namna hiyo huzitawanya kila upande. Sehemu ya kazi lazima izibwe kwa karatasi za plastiki, iwe na feni inayovuta hewa kwenda nje kupitia kichujio cha HEPA, ambacho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, na baada ya hapo kila kitu kifyonzwe kwa mashine yenye kichujio cha aina hiyohiyo. Mkandarasi anayesifu mashine yake kwa nusu saa bila kutaja plastiki wala kichujio, mpe chai, mshukuru, umwache aende zake.

Kazi imekwisha, lakini ubao una madoa ya kijivu. Nimedanganywa?

Si lazima. Baadhi ya kuvu huacha rangi ndani ya nyuzi za ubao, na rangi peke yake si kuvu hai. Pima unyevu wa ubao na upitishe kitambaa cheupe. Ubao ukiwa mkavu na kitambaa kisipotoka na vumbi jeusi, kuendelea kuuchimba ubao ni kuuharibu bure.

Kazi itafanyika kwenye chumba cha chini ya ardhi nasi tukiwa ghorofani. Gesi hiyo ina hatari? (Msomaji, Toronto)

Ina hatari, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote kwa kuwa watu huogopa baridi. Kilo moja ya barafu kavu hutoa takriban lita 540 za gesi. Chukua chumba cha mita za ujazo 100 kilichofungwa: kilo hiyo moja tu inafikisha hewa ya ukaa kwenye sehemu 5,000 na ushei kwa kila milioni, ilhali 5,000 ndicho kikomo cha wastani kinachoruhusiwa Marekani kwa siku ya kazi ya saa 8. Mashine inaweza kutumia makumi ya kilo kwa saa. Kiwango cha 40,000 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini.

Kipimo cha oksijeni peke yake hakitoshi. Hewa ya ukaa ikifika asilimia 4, oksijeni huwa imeshuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 20 tu, na kipimo hicho hakitalia. Dai kipimo cha hewa ya ukaa, uhakikishe hewa inavutwa kutoka karibu na sakafu kwenda nje, na familia ihame kwa siku hiyo.

Kuta za nyumba yetu Mji Mkongwe zina kuvu na lipu inabanduka. Njia hii itafaa? (Msomaji, Zanzibar)

Ningekusihi usiijaribu. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, ambayo ni laini. Punje zitaondoa lipu pamoja na kuvu na kuyaacha mawe wazi. Isitoshe, katika hewa ya pwani yenye mvuke mwingi, ukuta uliopozwa ghafla hutoa jasho.

Tafuta maji yanakoingilia: mfereji wa paa uliopasuka, bomba, au unyevu unaopanda kutoka ardhini. Angalia pia kama kuna aliyepaka lipu ya saruji juu ya chokaa, kwani saruji huuzuia unyevu usitoke, nao huhamia upande wa pili ukiwa na chumvi. Ukuta ukikauka, upigwe brashi taratibu, lipu ya chokaa irudishiwe, kisha upakwe chokaa, ambayo ikiwa mbichi ina ukali usiopendwa na kuvu. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo mamlaka ya uhifadhi iarifiwe kwanza.

Dari yangu ya jipsamu imeota kuvu baada ya paa kuvuja. (Msomaji, Mombasa)

Ziba paa, kata sehemu iliyoathirika, tupa, weka nyingine. Karatasi ya jipsamu ni chakula cha kuvu, na hakuna mashine itakayoisafisha bila kuitoboa.

Mimi ni fundi, Dar es Salaam, nafikiria kuanza kazi hii. Barafu kavu naweza kuihifadhi kwenye friza?

Friza ya nyumbani huwa kwenye nyuzi -18 hivi, ambalo kwa barafu kavu ni joto, kwa hiyo itaendelea kupotea. Tumia sanduku nene linalohami joto, lenye mfuniko usiobana, kwa sababu chombo kilichofungwa kabisa hupasuka. Usiibebe kwenye gari lililofungwa vioo, wala usiishike bila glavu. Kwa hali ya hewa ya Dar, kompresa yako itahitaji pia kikausha hewa, la sivyo mvuke utaganda ndani ya mpira na kuuziba kazi ikiwa katikati. Agiza kiasi cha siku moja tu, kifike asubuhi ileile.