Mashine ya ndimi za kupachika: milimita moja iliyoniharibia meza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama inafaa uachane na ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mifereji) na jigi (kielekezo chake) uliyojitengenezea ukanunue mashine ya ndimi za kupachika, na kwa nini rafiki yako aliyeinunua bado viungo vyake vinatoka na ngazi, yaani uso mmoja unakaa juu ya mwingine. Naanza na la pili, maana hilo nimelilipia ada mwenyewe.

Kwa anayepita tu: hapa huchongi ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine. Unatoboa matundu mawili yanayotazamana, unaweka ulimi uliochongwa pembeni, gundi, unabana. Si mambo ya juzi. Merikebu iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, karne ya 14 kabla ya Kristo, mbao zake ziliungwa hivyo hivyo na ndimi zikakazwa kwa vigingi. Leo Domino DF 500, mashine ya ndimi ya kampuni ya Festool, ina biti (kisu cha kutobolea) inayozunguka huku ikiyumba kushoto na kulia, tundu linakamilika kwa msukumo mmoja.

Sasa kisa changu. Meza ya kwanza niliyoiunga kwa mashine hiyo ilikuwa na miguu minne na mbao nne za kuishikanisha, unene wa milimita 22. Nilitaka nyuso za nje zikae sawasawa na mguu. Kwenye mbao nikalaza fensi, lile bamba la mbele la mashine linaloegemea ubao, juu ya uso wa nje, nikaiweka kwenye alama ya 22, yaani unene wa ubao, nikatoboa. Miguu ilikuwa mizito kidogo kuishika, nikaona nirahisishe: nikalaza mguu mezani, uso wa nje chini, na mashine nayo nikaikalisha kwenye meza kwa kitako chake bila fensi. Nikapaka gundi, nikabana, nikaenda kunawa. Kurudi, napitisha kidole kwenye kiungo, kidole kinajikwaa. Viungo vyote vinane, milimita moja kila kimoja. Gundi imeshashika.

Chanzo ni hesabu ya darasa la pili. Fensi ikiwa kwenye 22, katikati ya biti ni milimita 11 kutoka uso ulioegemewa. Kutoka kitako cha mashine hadi katikati ya biti ni 10, siku zote. Kumi na moja kutoa kumi. Ingekuwa mbao za 20 nisingeona kosa lolote, na ningeendelea kujiona fundi kwa mwaka mzima zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa swichi, chukua penseli uchore alama kwenye uso wa kuegemea wa kila kipande, na fensi ilale kwenye uso huo tu. Ukishafanya hivyo hata mbao zikitofautiana unene kidogo haidhuru: tundu halitakuwa katikati kamili, ila nyuso zitakutana.

Kuna dada yake kosa hilo, na nadhani ndiye anayemsumbua rafiki yako. Ukiwa na ubao wa 18 umelala mezani, katikati yake ni 9, lakini kitako kinahitaji 10. Kitako kinagusa meza kwanza na fensi inabaki hewani, unyoya tu, huioni kwa macho. Hata ubao wa 20, chembe moja ya unga wa mbao inatosha kuinua. Mimi siku hizi nasogeza ubao utokeze nje ya ukingo wa meza ya kazi, naubana, kitako kinaning'inia. Mkono wa kushoto unakandamiza fensi chini, wa kulia unasukuma tu. Ukikandamiza kwa mkono wa nyuma, mashine inainua pua.

Na usisukume kama unapiga mlango teke. Ipe biti muda. Ukiharakisha mashine inateleza pembeni na tundu linapanuka. Kivuta vumbi ni cha lazima, kwani bila hicho unga unajaa ndani ya tundu na ulimi unagota kabla kiungo hakijafunga. Kile kitufe cha upana wa tundu kizungushe mashine ikiwa inanguruma. Ikiwa imezimwa huwa hakikai vizuri. Kubadilisha biti ni kinyume chake, waya utoke kwenye soketi kwanza.

Upana wenyewe: tundu la kwanza naliacha la kubana ulimi kwenye vipande vyote viwili. Yanayofuata, kipande kimoja natoboa la kubana, cha pili natoboa pana. Hapo nikikosea alama kwa nusu milimita kiungo bado kinaingia.

Ndimi za bichi, mti mgumu wa Ulaya, zinavuta unyevu. Zikikaa wazi zinavimba, halafu unapiga nyundo hadi ubao unapasuka. Ziweke kwenye chombo chenye kifuniko. Iliyovimba ibane kwenye jiliwa, itanywea kidogo, na gundi ya maji itaivimbisha tena ikiwa ndani. Chache zipige msasa ziwe nyembamba, uzitie alama ya kalamu nyekundu, ziwe za kujaribia bila gundi tu. La sivyo utavunja kucha kuzing'oa.

Sasa la kununua. Ukitengeneza meza moja kwa miezi mitatu, baki na ruta yako. Tundu lake ni zuri vile vile, tatizo ni muda wa kupanga jigi. Mashine ya biskuti, ile inayounga kwa vipande vyembamba vya mbao vya umbo la yai, usiihesabu kwenye miguu ya viti. Ile ni ya kusaidia kupanga mbao za uso wa meza. Lakini kama unaunga fremu kila wiki, nunua, na DF 500 inatosha samani za ndani: biti zake ni za milimita 4 hadi 10, kina mwisho 28. DF 700, mashine kubwa zaidi ya kampuni hiyo, inafika 70, hiyo ni ya milango na mageti, na ina zaidi ya kilo 5. Kuishika upande siku nzima, bega litakuambia.

Unene wa ulimi, theluthi ya ubao au karibu na hapo. Ukipata nafasi ya biti mbili tu za kuanzia, chukua ya 5 na ya 8. Ya 4 ni nyembamba, ukiilazimisha kwenye mti mgumu inakatika.