Jibu: Hidrojeni ya ziada kiwandani, tuuze au tuchome?

Habari ndugu. Nilivyokuelewa, mnatengeneza kostiki soda na klorini kutoka maji ya chumvi, hidrojeni inaachiwa hewani, na bosi anataka ilete pesa.

Kabla ya kutafuta mteja, tazama boila yenu. Kila tani ya kostiki hutoa takriban kilo 25 za hidrojeni, na kilo moja ina joto la lita tatu na ushei za dizeli. Sisi tuliichoma, mvuke ukarudi kukoleza kostiki ileile. Badilisheni kichomeo, na kihisi cha mwali kiwe cha urujuanimno (mwanga usioonekana kwa jicho), maana mwali wa hidrojeni mchana huuoni kwa macho.

Gesi ikitoka kwenye seli, yaani vyombo vya umeme vinavyochanganua maji ya chumvi, ina unyevu na ukungu wa kostiki. Pima maji yanayodondoka bombani kwa karatasi ya litmasi. Karatasi ikigeuka bluu, kostiki imo; ioshe gesi na kuipoza kwanza.

Klorini ikiwazidi pia, iunguzeni pamoja na hidrojeni mpate asidi ya hidrokloriki. Hiyo huuzika.

Kuiuza kwa mitungi? Kompresa, kukausha, kuondoa oksijeni: gharama tupu mpaka kiwanda cha mafuta ya kula, kinachotumia hidrojeni kugandisha mafuta, kisaini mkataba. Bei ya mafuta ya boila yenu hukuitaja, itaje tupige hesabu.