Jibu: Macho makavu na "nano" za manjano

Salama mkuu? Umeuliza kama ukisaga manjano au mshubiri nyumbani na kudondoshea machoni utapata zile nano (chembe ndogo mno) za mimea ulizosoma zinatibu macho makavu. Usithubutu! Blenda haitoi nano, na maji ya mmea yasiyo safi huleta vidonda kwenye kioo cha jicho. Watafiti wanahangaika na jambo lingine: tone la kawaida husombwa na machozi ndani ya dakika chache, hivyo wanapakia kurkumini (kemikali iliyomo kwenye manjano) kwenye nano hizo ili ing'ang'anie jichoni. Kazi nyingi bado ni ya maabara na wanyama.

Macho makavu, ile hali ya kuhisi kama una mchanga machoni, yamenitesa miaka 3. Kwanza angalia ukingo wa kope: ukiwa mwekundu, na mafuta yameganda kama siagi, tezi za mafuta za kope zimeziba. Mimi naweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha nakanda kope taratibu. Soma pia kichupa chako. Matone yenye benzalkoniamu kloraidi (kemikali ya kuhifadhi dawa isiharibike), ukiyatia mara nyingi kwa siku, yanaunguza zaidi.

Mdomo nao ukikauka, hapo siwezi kukuamulia, muone daktari wa macho.